Placa Niliyoichukua Ijumaa

Jumatano, 5 Juni

Skrini nyeusi tena. Mara ya nne wiki hii. Nimeondoa programu inayoendesha placa, kadi ya michoro ya kompyuta, nimerudisha ya zamani, nimewasha upya. Mchezo umefunguka. Magari yapo. Barabara nyeupe tupu, maji meusi, mvua hakuna. Na mchezo wote ni mashindano ya magari kwenye mvua.

Sababu naijua. Placa yangu ya michoro ni kuukuu, niliitoa ndani ya kompyuta iliyokufa kule Mtwara. Mchezo unadai OpenGL, mfumo wa michoro, toleo la 3. Placa inaishia 2. Walioitengeneza waliacha zamani kuiandikia programu za Linux. Iliyobaki ni programu huria ya watu wanaojitolea, nayo inafanya inachoweza. Vivuli haiwezi. Maji haiwezi.

Mchezo wenyewe niliushusha siku sita kwa modemu ya simu. Siku sita, umeme ukikatika naanza tena.

Mwanaisha kapita nyuma yangu na ndoo. Kasimama, katazama. Kasema gari langu linakimbia juu ya ugali. Kacheka. Mke wangu akicheka hivyo huwa nacheka naye. Leo nimekasirika.

Wenzangu wote wa Palma wanaocheza wana Windows. Mimi ndiye niliyewaambia mbele ya watu kwamba Linux inatosha kwa kila kitu, michezo pia. Sirudi nyuma.

Alhamisi, 6 Juni

Kazini. Kontena mbili karibu na uwanja wa ndege, feni moja. Kampuni yetu ndogo imepewa kazi ya kuchora ramani ya ardhi itakayochukuliwa kwa ajili ya gesi. Ndege ilipita mwezi uliopita ikapiga picha. Senhora engenheira Célia, mhandisi wetu, mtu wa Beira, anakaa mbele ya kompyuta kubwa kutwa anachora mipaka juu ya zile picha. Hapa nyumba. Hapa shamba. Hapa minazi. Hapa mato, yaani pori. Mwenye minazi atapata fidia ya minazi. Mwenye pori hana kitu.

Mimi fundi. Kazi yangu mashine zisizime.

Kompyuta ya ramani inatumia Linux, niliiweka mwenyewe. Placa iliyomo ndani ni ile ambayo watu wa jukwaa letu la mtandaoni wanaiota. Inaweza vivuli, inaweza maji, inaweza kila kitu ambacho mchezo wangu unadai. Na inashinda ikionyesha mashamba ya mihogo.

Célia kasema kijiji kinachofuata ni Mtunduni. Nikamwambia huko ndiko kwa mama mkubwa Somoe, dada yake mama. Alinilea miaka miwili mama alipougua. Célia kasema basi Jumatatu utanisaidia majina. Mwanamke mzuri. Anachoka sana.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeichukua.

Asubuhi niliondoka nyumbani na placa yangu ya zamani mkobani. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua, hata kama njia nzima nilijiambia bado. Mchana nimeswali Ijumaa na mkoba magotini.

Saa kumi na moja wote walikuwa wameondoka. Nimefungua kompyuta ya ramani, nimetoa placa kubwa, nimeweka yangu. Nimewasha nione. Imewaka. Ramani imefunguka. Imejikokota kidogo, basi. Jumamosi na Jumapili ofisi inafungwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimeirudisha.

Niliandika hapa kwamba sio wizi. Nikafuta. Naandika tena. Sio wizi.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua!

Sijui niandike nini kingine. Matone yanapiga kioo cha gari, yanakimbia kando kwa upepo. Barabara inang'aa. Taa za gari la mbele zinaonekana mara mbili, angani na chini kwenye maji. Nimesimamisha gari katikati ya mashindano ili nitazame dimbwi. Nimeita Mwanaisha. Kakaa dakika tano, kasema kweli inapendeza. Kisha kaniuliza placa nimeipata wapi. Nikasema nimeazima.

Picha sitini kwa sekunde, kwenye Linux. Nimepiga picha za skrini, nimezituma jukwaani. Jamaa asiyenijua, wa nchi nisiyoijua, kaandika hongera.

Nimefurahi kama mtoto. Naandika ukweli. Nimefurahi.

Jumapili, 9 Juni

Kutwa nzima. Nimekula mezani kwa kompyuta. Mashindano kumi na moja, nimeshinda saba.

Jumatatu, 10 Juni

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa mlangoni pa kontena. Taa zinawaka. Célia yumo.

Kumbe alikuja Jumamosi. Na Jumapili pia. Mkubwa wetu alipiga simu kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, Ijumaa jioni, anataka orodha ya Mtunduni mapema. Célia kachora peke yake siku mbili. Kamaliza. Faili limekwenda.

Macho yake mekundu. Kaniambia mashine ilikuwa nzito, na picha za Mtunduni zilikuwa mbaya, labda ndege ilipita siku ya ukungu. Nikajibu labda.

Alipotoka kwenda kunywa chai nimebadilisha placa. Nimeangusha skrubu mara mbili. Aliporudi kasema leo inakwenda vizuri. Kanishukuru.

Kanishukuru!

Jumatano, 12 Juni

Leo nimefungua picha za Mtunduni mwenyewe, kwa placa kubwa. Hakuna ukungu. Unaona mnazi mmojammoja, kila mmoja na kivuli chake chini. Unaona nguo zimeanikwa.

Kisha nimefungua ramani ya Célia. Upande wote wa mashariki wa kijiji, kuanzia kisimani mpaka kwenye mikoko: mato, mato, mato.

Naelewa kilichotokea na ningependa nisielewe. Placa yangu haibebi picha kubwa kiasi hicho. Ikipewa, programu inaipunguza yenyewe, kimyakimya, haitoi onyo. Nyumbani placa ile ile ilinifutia mvua. Huku imefuta minazi. Célia kaona kijani kilichovurugika, kaandika anachokiona.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 14 Juni

Orodha imebandikwa ukutani shuleni Mtunduni. Mama mkubwa kaja na mota, pikipiki ya kukodi, yeye anayeogopa mota. Kaingia kwangu hata hajakaa.

"Abdala, mwanangu, wewe uko kwa watu wa ramani. Wameandika shamba langu pori. Pori! Ile minazi nimepanda na marehemu, mashimo nimechimba mimi nina mimba."

Nikamwambia nitauliza. Mwanaisha kamletea maji. Kanywa, kaniwekea mkono kichwani, kasema Mungu ametupa mtu wetu ndani.

Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda Mtunduni. Watu wamejaa mbele ya shule. Kijana wa ofisi ya kampuni kasimama na karatasi, kasema mwenye malalamiko aandike barua, aambatanishe ushahidi. Ushahidi gani? Minazi iko pale nyuma yake. Watu wamemwonyesha kwa vidole, tazama, geuka utazame. Kasema yeye hana ruhusa ya kutazama, ana ruhusa ya kupokea barua.

Baba mdogo Anlaué hakupiga kelele. Ni mdogo wa marehemu mume wa mama mkubwa, shamba lake linapakana na la mama mkubwa. Mtu wa maneno machache. Kaniuliza kitu kimoja.

"Ramani inaonaje?"

Nikaanza kueleza ndege, picha, kompyuta. Kasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kuna mtu katazama minazi yangu asiione."

Nikasema ndiyo. Kaondoka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimejaribu njia ya pembeni. Nimemwambia Célia labda picha za Mtunduni zirudiwe. Kasema faili limefungwa, yuko kwenye kijiji cha tatu sasa. Kulifungua upya kunahitaji sababu ya kiufundi, kwa maandishi, na sahihi ya fundi.

Fundi ni mimi.

Kaniuliza, sababu unayo? Nikasema bado.

Nimekaa na neno hilo mdomoni mpaka jioni. Ningeweza kuandika hitilafu ya umeme. Au kirusi. Wangeamini, wao hawajui kwamba Linux haiugui hovyo. Lakini Célia angeuliza hitilafu gani, ya lini, na rekodi za mashine zina tarehe na jina la kila placa iliyowahi kuchomekwa. Nazijua rekodi hizo, nimezisoma. Jina la placa yangu limo. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi.

Ningeweza kuzifuta. Naandika hapa kwamba nimefikiria kuzifuta.

Jumanne, 18 Juni

Anlaué kakata minazi yake.

Yote, kwa shoka, kuanzia alfajiri. Mama mkubwa kanipigia simu analia. Alimwendea kumzuia, kamjibu, "Shemeji, wameandika pori. Nawapa pori." Watoto wake walimshika mikono, kawasukuma. Kapumzika mara moja tu, kunywa maji.

Nilikuwa kwenye kontena nikipokea simu hiyo. Célia alikuwa mbele yangu anachora. Placa inafanya kazi vizuri sana.

Jumatano, 19 Juni

Sijala. Nimemwambia Mwanaisha kila kitu, mchana, tumekaa jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Kaacha kukuna.

Nilitegemea aseme maneno makali. Kauliza tu, "Mama mkubwa anajua?"

"Hajui."

"Basi anza kazini. Kisha yeye. Usimwachie asikie kwa watu."

Kisha kaendelea na nazi yake. Naogopa. Kazi hii ndiyo inayotulisha. Naogopa na kazi, naogopa na uso wa mama mkubwa, na sijui kipi nakiogopa zaidi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimesema.

Nilikuwa nimeandika barua kwa Kireno, nzuri, imenyooka. Nikampa Célia. Kasoma aya ya kwanza, kaiweka chini, kasema niambie kwa mdomo. Nikamwambia. Placa, Ijumaa, mchezo, mvua. Neno mchezo lilitoka dogo sana.

Hakupiga kelele. Kafungua picha za Mtunduni, kazitazama muda mrefu. Kavua miwani. Kasema aliona picha hazisomeki. Aliona Jumamosi ile ile. Angeweza kwenda mwenyewe kutazama, ni mwendo wa saa moja kwa gari. Lakini mkubwa alikuwa anapiga simu kila baada ya saa mbili, na yeye alitaka kumaliza alale.

"Wewe ulichukua placa," kasema. "Aliyeandika mato ni mimi."

Nikataka kumshukuru kwa hilo, nikaona sio haki yangu.

Kafungua faili upya mbele yangu. Barua yangu kaiambatanisha. Mnazi wa kwanza aliouchora ulikuwa wa mama mkubwa. Alijua, nilikuwa nimemwonyesha.

Ijumaa, 21 Juni

Mkubwa kaja kwa ndege ya asubuhi. Kikao kimechukua robo saa. Nimetia sahihi barua ya kuachishwa kazi, nimekabidhi funguo. Kasema angeweza kuniitia polisi, Célia ndiye aliyemwomba asifanye hivyo. Hakuniuliza chochote kuhusu Mtunduni.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Placa yangu ya zamani, niliyoikabidhi jana pamoja na barua, imo mkobani, wamenirudishia. Sijaichomeka.

Jumapili, 23 Juni

Mtunduni. Nilimwomba mama mkubwa tukae ndani, wawili tu. Nikamweleza. Alidhani namweleza kosa la kampuni, alikuwa akitikisa kichwa kuwalaani. Ikabidi nirudie. Mimi, mama. Ni mimi niliyekitoa kile kitu.

"Ulikitolea nini?"

"Nyumbani. Kwenye kompyuta yangu."

"Kwa kazi?"

"Mchezo."

Kuku aliingia, akatoka.

"Ulikuwa unacheza," kasema. Hakuuliza. Kalisema kama mtu anayesoma jina la kijiji asichokijua. Kisha kasema nitoke kidogo, anataka kuswali.

Nimesubiri nje mpaka alipomaliza. Katoka na sahani ya mihogo. Kanipa. Hakukaa nami.

Jumanne, 25 Juni

Sikukuu ya uhuru. Muziki unatoka mbele ya administração, ofisi ya wilaya. Sikutoka nje.

Jumatano, 26 Juni

Célia kaja Mtunduni na watu wawili, wamepita kwa miguu shamba kwa shamba. Orodha ya zamani imebanduliwa. Mimi nilikwenda pia, hakuna aliyeniita. Nikasema mbele ya shule niliyoyafanya, nikitaja jina langu na la baba yangu. Mzee mmoja katema mate chini. Wengine walinitazama tu. Mwanamke mmoja kauliza kama fidia sasa itachelewa. Célia kasema itachelewa. Basi watu wakaanza kuzozana kuhusu hilo, nikabaki nimesimama, hotuba yangu imekwisha na hakuna aliyekuwa akiihitaji tena.

Shamba la mama mkubwa: minazi yote imeingia. Kaweka dole gumba.

Shamba la Anlaué: visiki. Célia katoa picha ya ndege, kamwonyesha mwenzake, hii hapa, ilikuwepo. Mwenzake kasema kanuni ni kinachosimama siku ya ukaguzi. Wamebishana kwa Kireno muda mrefu. Anlaué kasimama kando na mikono nyuma, kama ugomvi ni wa watu wengine. Suala limepelekwa Pemba.

Nilimwendea. Nilikuwa na maneno tayari. Kaniinulia kiganja, si kwa hasira, kaingia ndani kwake.

Jumatatu, 1 Julai

Jibu la Pemba limekuja. Nyumba yake ndiyo. Shamba la mihogo ndiyo. Minazi hapana. Célia kanipigia mwenyewe kuniambia, ingawa mimi si mtu wao tena. Kasema ataandika tena, na tena. Sauti yake haikuwa na matumaini.

Nimekaa. Jukwaani kuna habari: waliotengeneza mchezo wametoa toleo jipya, wameongeza njia ya placa dhaifu kwenye Linux. Wenye placa kama yangu sasa wanaona mvua. Nusu nusu, bila vivuli, lakini mvua. Wiki nne tu. Ningesubiri wiki nne.

Nimesoma mpaka mwisho, nimefunga.

Alhamisi, 4 Julai

Tangu Jumanne nina meza sokoni, karibu na wauza vitambaa. Natengeneza simu. Vioo, betri, vitufe. Siku ya kwanza simu tatu. Mwanaisha kaniletea chakula, kakaa mpaka nimalize kula. Watu wengine wa Mtunduni wakipita wanapitia upande wa pili. Mama mkubwa kapita Jumanne hiyo hiyo, kanisalimia, kauliza hali ya Mwanaisha. Hakuniita mwanangu. Kesho labda.

Jumapili, 7 Julai

Asubuhi ya leo kaja Anlaué.

Nilikuwa nimeinamia simu ya mtu, nikaona viatu, nikainua kichwa. Kaweka simu yake mezani, ndogo, ya vitufe, imefungwa kwa raba.

"Haitoi sauti."

Nikaifungua. Spika imejaa mchanga na vumbi la mbao. Nimesafisha kwa mswaki, polepole, nimebadilisha waya mmoja. Nikawasha redio yake. Mtu alikuwa anasoma bei za samaki. Nikamrudishia. Nikasema hakuna malipo. Kafikiri kidogo, kaitia mfukoni.

Nilidhani ataondoka. Kavuta kigoda cha wateja, kakaa, kageuzia uso sokoni. Kaja mteja, nikamhudumia. Kaja mwingine. Jua likaanza kumpiga begani, nikanyanyuka, nikasogeza turubai upande wake.